Unga wa Mbao Kwenye Giaboksi ya Mzee Kutbuddin

Chang'ombe, Temeke
Jumapili, baada ya adhuhuri

Kwa Baba yangu mpenzi, Mzee Mbwana Mfaume,
Kilwa Masoko.

Shikamoo Baba. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na kwamba lile jicho la kushoto limepoa tangu uanze kutia dawa. Mfikishie Mama shikamoo yangu, na Anwar mwambie dada yake anamsalimu. Sie huku hatujambo. Gereji inakwenda. Mvua za juzi zilijaza maji kwenye shimo la kukagulia magari, lakini nimeshayatoa. Marietha, yule mama wa mgahawa wa jirani, bado ananiuliza utarudi lini kunywa supu yake.

Najua utashangaa kuona nakuandikia barua wakati simu unayo. Kwenye simu ungenikatiza, na mie nikisikia sauti yako ningelainika. Nakuomba uvae miwani uisome mwenyewe, usimpe Anwar akusomee.

Jumatatu ya wiki iliyopita alikuja Mzee Kutbuddin, rafiki yako wa duka la vitambaa. Alikuja na mwanawe Mehdi, na nyuma yao kile kigari chekundu cha spoti, cha milango miwili, kikivutwa kwa kamba. Nilidhani kimeharibika wanataka nikitengeneze. Kumbe mzee alikuja kuniomba nimtafutie mtu wa kukinunua.

Nilishangaa, maana mie na wewe tunajua alivyokitamani. Mtu ametimiza miaka sabini na mbili, maisha yake yote ameendesha vigari vya kubebea majora ya vitambaa, safari hii akasema na yeye anunue cha kumfurahisha. Nilipomuuliza kulikoni, alitazama chini, akaniambia mguu wake umezeeka. Kila akikanyaga klachi gia haziingii, hasa ya pili na ya tatu. Mwezi uliopita, pale mataa ya Tazara, gia ya pili ilimgomea katikati ya makutano na injini ikazimika. Lori likafunga breki karibu kabisa na mlango wa mkewe, Fatmabai. Watu wakamtukana, wakamwambia mzee kaa nyumbani. Tangu siku ile Fatmabai hapandi gari naye, na Mehdi amemnyang'anya funguo zote, hata za gari la dukani. Mehdi mwenyewe hajui kuendesha gari la gia za mkono, kwa hiyo hakuna aliyeweza kulijaribu zaidi ya baba yake.

Nikamwambia huenda kosa ni la gari. Akatikisa kichwa. Akasema, "Hapana binti, gari hili alinikagulia baba yako kabla sijalinunua. Mbwana akisema gari zima, basi zima. Mbovu ni mimi."

Niliwaambia waliache nilitazame kabla ya kumtafuta mnunuzi. Nilianza kama ulivyonifundisha: injini imezimwa, pitisha gia zote moja moja. Zikiingia vizuri, halafu zikagoma injini inapounguruma, mkosaji ni klachi. Zikigoma hata injini ikiwa imelala, tatizo liko kwenye mkono wa gia au ndani ya giaboksi. Baba, ziligoma. Ya pili niliivuta kwa mikono miwili kama mtu anayeng'oa kigingi kwenye tope. Mguu wa mtu haukuhusika hata kidogo.

Hata hivyo sikutaka kuruka hatua. Niliangalia maji ya klachi, yalikuwa masafi, na pedali ilikuwa ngumu inavyotakiwa. Nikafungua mkono wa gia, bushi zake zilikuwa nzima. Ikabaki giaboksi. Nikaingia shimoni na taa, na kitu cha kwanza nilichokiona ni mstari wa rangi ya kucha, ya zambarau, umevuka kutoka kwenye nati ya kumwagia oili hadi kwenye ubavu wa giaboksi. Ni ile alama yako, ya kujua kama nati imelegea. Hapa mjini simjui fundi mwingine anayetumia rangi ya kucha. Mstari ulikuwa haujakatika. Nilipouona nilifurahi, kweli nilifurahi, kama niliyekutana nawe humo chini.

Nikaifungua nati. Oili haikutoka. Nilisubiri, kisha kikaanza kuteremka kitu kizito, cheusi, kikining'inia kama kamasi, kikaanguka kwenye karai kwa vipande. Harufu yake ilikuwa ya uji uliochacha kwenye sufuria ya grisi. Nilikisugua kati ya vidole nikahisi chengachenga. Nikakiosha kidogo kwa dizeli, ukabaki unga wa mbao mkononi mwangu.

Nimeshika uchafu wa magari tangu nina miaka kumi na sita, na sijawahi kuona kinyaa. Siku ile nilitoka shimoni nikatapika nyuma ya ukuta. Wewe ndiye uliyenionya juu ya ujanja huo. Giaboksi iliyokwisha hulia, na mwizi huishindilia unga wa mbao na grisi ili inyamaze mpaka gari liuzwe. Baadaye ule unga hunywa oili, huvimba, huziba njia, na gia zinakuwa ngumu kama jiwe. Ulisema anayefanya hivyo afadhali aende kukaba watu, maana mkabaji angalau anakuja mbele yako.

Nilikaa juu ya tairi nikitafuta mtu wa kumtupia lawama hizo. Nikajiambia labda kuna aliyekuja kufungua baada yako, akairudishia rangi. Nikampigia Isack, yule dalali wa Mwenge aliyeliuza gari. Nilimwambia nilichokikuta, nikitaraji atakana au atapiga kelele. Alicheka. Akasema, "Sista, si umuulize mzee wako? Alijaza mwenyewe hapa uani kwangu, akijua mnunuzi ni rafiki yake. Mie nilishika tochi tu." Kisha akaniuliza kama pikipiki aliyokupa kwa kazi ile, anayoendesha Anwar, bado inatembea vizuri. Alisema hivyo, kama alikuwa anamsalimu mtu.

Baba, ile pikipiki niliishangilia. Niliposikia Mama anabebwa nayo kwenda kliniki nilimshukuru Mungu kwa kukupa. Sasa nikiikumbuka, natamani nisingeishangilia. Ungemdanganya mtu usiyemjua, labda ningeumia kidogo. Lakini huyu ni mtu aliyekupa funguo bila kukuuliza swali kwa miaka thelathini. Ukamwacha aamini kuwa mwili wake umemsaliti. Fatmabai amemwogopa, watoto wamemdharau, na yeye ametembea na aibu hiyo huku akikutaja wewe kama shahidi wake.

Hapa nafika pagumu, maana na mie si msafi. Mzee Kutbuddin alirudi jioni ileile kuniuliza nimeona nini. Karai lilikuwa nyuma ya mlango, nimelifunika kwa gunia. Nilimtazama usoni nikamwambia giaboksi haina neno, oili tu imechakaa. Nikamwambia ajaribu kufanya mazoezi ya goti, na kukandwa kwa maji ya moto. Alinishukuru. Akaniambia wewe una bahati ya kupata mtoto kama mimi. Kisha akaondoka taratibu, ameshika bega la Mehdi kwenye kizingiti, na mie nikabaki nimesimama kama takataka. Nilikulinda, Baba, na kwa kukulinda nilimpiga yule mzee mara ya pili.

Nilivumilia siku mbili. Nikaiteremsha giaboksi, nikaiosha kwa dizeli mara nne mpaka vidole vikachubuka. Beringi mbili zilikuwa zimekwisha, na zile pete za shaba za kulainisha gia ya pili na ya tatu zimelika meno. Nilipata nyingine kwa wauza vipuri wa Gerezani, kwenye giaboksi kuukuu. Nikafunga, nikatia oili nyepesi inayostahili, nikajaribu. Gia ziliingia kwa vidole viwili.

Ijumaa baada ya swala nilimwita aje na Mehdi na Fatmabai. Niliwaonyesha karai. Nilimweleza kila kitu: nani alijaza, alipewa nini, na kwamba mie nilijua nikamdanganya kuhusu goti lake. Mehdi alianza kufoka, akataja polisi. Mzee alimnyooshea mkono anyamaze. Alichota ule uchafu kwa kidole, akaunusa, akajifuta kwa kitambaa chake cheupe. Akauliza jambo moja tu, kama ulijua kuwa mnunuzi ni yeye. Nikamjibu kwamba ulijua.

Aliomba funguo, ambazo nilikuwa nimemrudishia Mehdi. Mehdi akampa, na Fatmabai, bila kuambiwa, akafungua mlango wa pili akaketi. Walikwenda mpaka Chamazi wakarudi. Nilimsikia akiingia uani, anashuka kutoka ya tatu kwenda ya pili, laini kabisa, na Fatmabai akicheka ndani. Aliposhuka alinishika mkono, akasema mguu wake u mzima, akarudia mara mbili. Miaka yote, akiondoka hapa, lazima anitume salamu kwako. Ijumaa hakunituma.

Mama sijamwambia. Nakuachia wewe umwambie. Pikipiki irudi kwa Isack, hilo sikuombi, nakwambia kama mtoto niliyelelewa nawe. Na Mzee Kutbuddin yupo dukani kila siku mpaka alasiri. Kwangu chumba chako nimekitandika. Ukija, nitakupeleka kwake mwenyewe, nitasimama nje mpaka mmalize. Usipokuja, usinipigie.

Mwambie Mama nimempelekea khanga na hii barua, na Anwar aangalie macho yako yasiingie vumbi. Nakuombea afya, kama ninavyokuombea kila siku.

Ni mimi mwanao,
Nusaiba binti Mbwana.