Nyuma ya Jiwe la Ysidro

Jumatano, 30 Oktoba
Alma kaja na mpango. Mtoto nimemzaa mwenyewe, leo ananipangia kaburi! Eti nikifa nizikwe kule makaburi ya jeshi, shimo moja na marehemu baba yake, bure, serikali inagharimia. Jina langu litachongwa jiwe hilohilo. Upande gani? nikamuuliza. Nyuma, Mama.
NYUMA! Nimemfulia Ysidro magwanda mpaka vidole vikachubuka, halafu nikae kisogoni mwake kama tangazo la sabuni? Nikasema nitalala makaburi ya San Fernando, kwa mama yangu, penye malaika wa saruji na watu wanaokula na kucheka. Anasema kule kumejaa.
— Basi mama asogee!

Jumamosi, 2 Novemba
Siku ya Wafu, marehemu hupelekewa chakula chao. Nimempelekea Ysidro maua ya manjano, na katikati yake tamale mbili, za unga wa mahindi na nguruwe. Chakula marufuku kule. Tekila nimetia kwenye chupa ya maji ya baraka — Mungu naye anajua kucheka. Mlinzi akanusa. Mama, maua yako mbona yananukia pilipili? Nikamwambia ndiyo aina yake. Kaondoka anajiuma midomo asicheke.
Nikazunguka nyuma, nikaone hapo pangu. Loo! Mbele wanaume watupu, sajini, koplo. Nyuma — mtaa wa wanawake! Mstari mzima, wamechongwa migongoni mwa mawe ya waume zao. Hortensia, mke wake. Winifred, mke wake. Gudrun, mke wake, huyo katokea Ujerumani. Wametazama mti wa mwaloni na kivuli. Wanaume wametazama barabara, maskini.
Nikawasalimu wote. Alma simwambii. Atadhani ameshinda.

Jumatatu, 4 Novemba
Balaa! Jiwe la kulia kwa Ysidro, lile tupu nyuma, ni la Chema Zertuche. Mkewe ni Ofelia! Yu hai bado, kwa kutuudhi tu. Ndiye aliyetangazia parokia nzima kwamba mchuzi wangu wa pilipili, mole, ni wa kopo. Sijamsemesha tangu ubatizo wa Alma. Nilale naye bega kwa bega milele? Thubutu! Nimempigia Alma: San Fernando, imekwisha.
Kaanza kulia. Anasema, Mama, nataka nikija niwakute wote wawili mahali pamoja.
Mh. Hilo hakuwahi kulisema.

Jumatatu, 11 Novemba
Sikukuu ya wanajeshi. Alma anataka jibu leo leo, kaenda kuegesha gari. Nimeketi nyuma ya jiwe kwenye kiti changu cha kukunja, naandika gotini.
Nani huyo? Ofelia, na kiti chake! Kakaa nyuma ya Chema. Kisha, bila kunitazama:
— Mwenzangu, kivuli hiki kinaanzia kwangu.
— Kinaishia kwangu. Na jua la jioni utachomwa wewe.
— Sogeza kiti.
Sikusogeza. Kafungua kopo, kanipa empanada, sambusa tamu ya boga. Sukari haitoshi. Nimemwambia.
— Tutabishana, akasema. Kwani tunakimbilia wapi?
Namwona Alma kule njiani. Anauliza kwa mikono, ndiyo au hapana? Nami mdomo umejaa, na huyu mwanamke ananipa ya pili —