Mayu, Leo Nimekula

Mayu,

Mwadila, mama yangu. Nimekaa ile meza ya mwisho karibu na jiko, wateja wa mchana wameshaondoka. Leo nimekula ugali aliopika Minza, mpishi wako. Tumbo linanguruma, na sijui ni kushiba au ni kile ninachokiogopa.

Najua ungecheka. Wewe na Minza mlikula pamoja miaka mingi hapa mgahawani kwako Somanda, mkikaa chini na wasichana wote, sinia moja, ukimsogezea kipande cha sato: "Kula wewe, usije ukaniangukia jikoni watu wakasema nawanyima."

Kisha siku ile mkala, jioni ukaanza kutapika, na kesho yake tukakupoteza. Daktari alisema vidonda vya tumbo vilikuwa vimetoboka. Nilimsikia. Lakini msibani shangazi aliniinamia sikioni: "Alikula nini, na nani alipika?" Basi. Tangu hapo sikuwa na amani.

Minza sikumwambia kitu. Nilianza tu kuja na hotipoti. Mayu, mwenye mgahawa anakuja kazini na hotipoti! Viazi nimechemsha mwenyewe, maji ya chupa nafungua mwenyewe, nakula nimejifungia stoo kama mwizi. Minza aliniangalia, akaniangalia, siku moja akavua aproni, akaiweka kaunta, akaondoka bila kuaga.

Halafu akatuma ujumbe wa sauti kwenye grupu la WhatsApp la mama lishe. Hakutukana. Alisema tu: "Nimeacha kazi pale kwa marehemu. Bosi wa sasa hali chakula anachouza. Muulizeni kwa nini." Na bodaboda wakaniuliza kweli. "Bosi, leo hotipoti ina nini?" Wanacheka, halafu wanakwenda kula kwingine.

Hasira zikanipanda, nikajibu kwa sauti kwenye grupu lilelile. Hapo ndipo nilipoharibu. Ningeweza kusema lolote, kwamba mvivu, kwamba anachelewa. Nikasema: "Mimi nimezika mama. Nachagua anayenipikia." Nilidhani nimemkomesha. Jina sikutaja, lakini nani hapa mjini asiyejua mpishi wako alikuwa nani?

Juzi Kulwa, msichana wetu wa kuosha vyombo, alirudi kutoka kijijini Migato amenywea. Huko ndiko kwao Minza pia. Akaniambia sauti yangu imefika, watu wanaisikiliza kisimani. Mama yake Minza, yule bibi aliyepata macho mekundu kwa moshi wa kuni, sasa hasalimiwi. Vijana wanapita mbele ya nyumba yake wakiulizana kwa sauti binti alijifunza kuloga kwa nani. Mayu, wewe unajua huku kwetu swali hilo linaishia wapi. Nimezika mama mmoja, na mdomo wangu unamchimbia kaburi mwingine! Nilikaa chini palepale kwenye ndoo.

Kufuta sauti hakusaidii, imeshasambaa. Nikiomba radhi watasema nimetishwa. Nikampigia Minza mpaka akapokea. Nikamwambia njoo upike, nitakula mbele ya watu, Kulwa atarekodi, video iende hukohuko Migato. Akasema, "Na kesho ukiumwa kichwa tu, dada Kabula? Si watatuchoma mimi na mama?"

Kumbe alikuwa na woga kunizidi. Mimi nilikuwa nafikiria woga wangu tu.

Amekuja leo. Ugali, mlenda, dagaa wa Lamadi. Tulikaa chini, watu wamejaa mlangoni, Kulwa anarekodi. Tonge langu la kwanza lilianguka kabla halijafika mdomoni. Mtu akacheka. Minza hakucheka. Alikata lake, akala, macho kwangu. Akakata la pili. Na mimi nikala, mayu. Tulikula mpaka sinia likabaki tupu.

Sasa tunasubiri, mimi hapa, yeye jikoni. Amekataa kuondoka. Nikikohoa tu, anachungulia. Nilitaka kwenda kumwambia niko salama, lakini nitamwambiaje jambo ambalo mwenyewe sijalijua? Naogopa, siwezi kukudanganya wewe. Na hata jioni ikipita salama haijaisha. Mtu huumwa, mayu. Kuna malaria, kuna mafua, kuna tumbo la kawaida tu. Watu wengine wanaruhusiwa kuumwa.

Pumzika mayu wangu, mimi sitakuchosha zaidi. Nakuahidi kesho nitapita sokoni kwa miguu, nimsalimie kila mtu, wanione. Na siku nikiumwa, nitajifungia ndani niumwe kimyakimya, asisikie mtu.

Mwanao,
Kabula