Yowe Lililochelewa

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Rebeka Ngosha. Umri: miaka 38. Kabila: Msukuma. Dini: Mkristo. Kazi: mshonaji. Makazi: Kiseke, Ilemela, Mwanza.

Mimi ndiye mwenye jina hapo juu. Nimeonywa kusema kweli. Sina sababu ya kuongopa. Aliyekuwa akinicheka nikiongopa tumemzika jana.

Marehemu mume wangu, Revocatus, alikuwa fundi wa kuchomelea. Tangu Pasaka alikuwa akitengeneza boila ndogo uani kwetu: mabomba membamba yenye maji, moto chini, mvuke unakusanyika kwenye silinda juu. Alitaka mvuke huo uendeshe injini ya mtumbwi bila petroli, atuvushe Sengerema kwa mama yake. Ua wetu ni mdogo, vyumba vyote vinafungukia humo, geti ni moja, na boila aliisimamisha njiani kabisa. Nililalamika. Akacheka, "Ng'ombe haelemewi na nunduye."

Mnamo tarehe 9 Agosti 2025, saa tisa alasiri, aliiwasha. Mshale wa kipimo ulipanda vizuri. Kisha pampu ya mkono ikakwama, na maji kwenye kioo cha pembeni yakashuka mpaka yakapotea. Aliinama kuvuta moto nje. Matofali ya chini yakapasuka, boila ikaegemea ukuta na kumbana kiunoni.

Nilijaribu kuinyanyua kwa mti, nikashindwa. Kwenda getini kulikuwa kupita juu ya moto. Ukuta una vipande vya chupa juu, na nondo za madirisha alizichomelea yeye mwenyewe, akijisifu kwamba hata mwizi atalia.

Nilifungua mdomo nipige yowe. Akaniambia, "Mama Selina, usiite watu. Watakuja na ndoo. Mabomba yamekauka, yameiva kwa moto, na mvuke bado umo. Yakimwagiwa maji yatapasuka, yataua watu. Toa moto kwanza."

Kwetu yowe likipigwa kila mtu anakimbia na ndoo yake, haulizi. Nikachukua jembe, nikaanza kuvuta makaa.

Jirani yangu Odeta aliita kutoka upande wa pili wa ukuta, "Mama Selina, mbona nasikia mtu anaguna?"

Nikamjibu, "Hakuna kitu, dada. Tunachomelea."

Odeta hajanisingizia. Nilisema hivyo, kwa mdomo huu.

Nilivuta makaa mpaka viganja vikatoka malengelenge. Mume wangu alikuwa ananitazama tu. Mshale uliposhuka hadi sifuri ndipo nilipopiga yowe. Walivunja geti, na kabla sijasema neno mtu akamwaga ndoo. Mabomba matatu yalipasuka palepale, ila mvuke haukuwa na nguvu tena ya kuua. Revocatus alifariki njiani kwenda hospitali.

Shemeji yangu Yeremia anasema nilimwacha ndugu yake afe nibaki na nyumba. Inaniuma kuliko viganja. Nimeulizwa kama angepona iwapo ningepiga yowe mapema. Sijui. Najiuliza hilo hata nikishika tonge. Ila Odeta aliponiita, nyuma yake nilisikia watoto wake wakigombania viazi, kwenye ukuta uleule ulioegemewa na boila.

Hayo ndiyo maelezo yangu, sina la kuongeza.

Sahihi ya shahidi: dole gumba la kushoto (viganja vimefungwa bandeji).

Maelezo ya askari: Nimemsomea shahidi, amekubali kuwa ni sahihi. Aliomba niondoe habari ya watoto, Odeta asije akaisikia. Nimemweleza kuwa kilichoandikwa hakifutwi. Koplo Otuoma.