Jina Lililopakwa Rangi

Mzee Ouma,

Niaje huko. Najua uliichukia hiyo salamu, ulikuwa ukisema mtu mzima hasalimiwi hivyo, lakini hauko hapa kunikemea. Kwa hivyo niaje.

Ni mimi Mwende, taniboi wako. Miaka sita nimekaa kiti cha kushoto cha gari lako, nikishusha mizigo na kushika risiti, na watu wakiuliza kama mimi ni bibi yako. Ulikuwa ukiwajibu, "Huyu ni taniboi, na ana mabega kukushinda." Haki nilikuwa naskia vizuri moyoni. Leo nakuandikia kwa sababu kuna jambo nimefanya, na hakuna mtu hai ninayeweza kumwambia kabla sijakwambia wewe.

Wacha nianze na habari. Tulikuzika kwenu mwezi wa kumi na moja, mvua ikinyesha, na wiki chache baadaye tukapiga kura. Mzee, uliwahi kuondoka. Matokeo yalitangazwa na moshi ukapanda Kibera yote. Pale Mashimoni, watu ambao tulikuwa tunapanga mitungi pamoja kwenye kioski cha maji walianza kuulizana, "Wewe jina lako la pili ni nani?" Mimi Mkamba, kila upande uliniambia niko upande ule mwingine. Mama Akinyi wako yuko salama, na watoto wako salama, bado wako Soweto West. Lakini gari lilichomwa wiki ile ile ya kwanza. Lilikuwa limeegeshwa pale pale tulipokuwa tunaliacha siku zote, jina lako likiwa mlangoni vile sheria ya magari ya mizigo inavyotaka, OUMA, kwa herufi za njano, na sanduku la posta chini yake. Sijui kama lilichomwa kwa sababu ya jina au kwa sababu lilikuwa karibu. Nimeuliza sana. Kila mtu anasema hakuwepo siku hiyo, ajabu, Kibera nzima ilikuwa imesafiri.

Tangu siku hiyo siamini mtu. Nakwambia ukweli. Mtu akinisalimia vizuri, najiuliza anataka nini.

Sasa hali imetulia, wakubwa wameshikana mikono, barabara zimefunguka. Muhindi wetu wa spea kule Industrial Area amenipigia simu: lori likikwama Naivasha, likitaka gasket leo leo, si kesho, nani atapeleka? Akasema, "Mwende, Jumatatu ukikosa gari, kazi naipa mwingine, usinilaumu." Mama Akinyi akaniletea fungu lake la pesa, nikaweka na langu. Hakuna lingine baada ya hilo. Tukinunua gari bovu tumekwisha sisi wawili, na tukinunua gari la damu, afadhali tufe njaa. Hayo ni maneno ya mke wako, si yangu.

Kwa sababu magari yamejaa, Mzee! Vani za mizigo kila kona, bei ya kutupa. Na nikiona bei ya kutupa nauliza, huyu anatupa nini? Mwenyewe alienda wapi?

Nilizunguka siku nne nikifanya vile ulivyonifundisha. Nilifika kabla ya saa ya ahadi, nikaweka mkono kwenye boneti, na kama ina joto nikaondoka bila kuaga, kwa maana muuzaji ameipasha ili nisijue inavyowaka asubuhi. Niliinua mikeka nikitafuta alama za welding. Nilinusa ndani. Nilipima sakafu kwa kamba yako yenye mafundo, ile uliyosema injini ya pikapu ikikaa kati ya fundo la kwanza na la nne basi gari linatosha. Ya kwanza ilikuwa fupi. Ya pili ilikuwa ndefu, safi, ya petroli, lakini mwenyewe alikuwa akinichekea sana. Nani anacheka siku hizi?

Ya tatu ilikuwa Kawangware, mtaa wa Kongo, kwa fundi wa makochi anaitwa Kamau. Mtu wa miaka hamsini hivi, mpole, vumbi la mbao kwenye nyusi. Mzee, gari lile! Dizeli. Mlango wa pembeni unateleza bila kelele. Boneti baridi kabisa, likawaka mara moja nilipowasha. Kamba ikafika fundo la tano. Moyo wangu ulisema ndiyo, na hapo ndipo nikaanza kuogopa.

Kwa sababu mlango wa dereva ulikuwa umepakwa rangi mpya, mlango peke yake, kwa brashi, mahali ambapo jina hukaa.

Nikamuuliza, "Gari ni ya nani?" Akasema, "Ni yangu." Alisema haraka. Nikamuuliza logbook yenye jina lake. Akasema iko kwa ndugu yake, mbali, italetwa. Nikamuuliza mbona mlango pekee ndio umepakwa. Akaangalia huku na huku, akasema, "Mama, si unajua tu mambo ya January." Ati najua! Nilijua nini? Nilijua kwamba mtu aliyekuwa na jina kwenye ule mlango hayupo, na fundi wa makochi anauza gari lake. Hivyo ndivyo nilivyojua.

Alipoingia dukani kutafuta ufunguo wa mlango wa nyuma, nilitoa tambara langu lenye thina ya kuyeyusha rangi, lile la kusafisha mikono, nikasugua. Rangi mpya ilitoka upesi. Chini yake jina likatokea, herufi moja moja: S. OTIENO, MIZIGO YA HARAKA, na namba ya simu. Mtu wa kazi yetu, Mzee. Mtu wa kwenu. Nilikuona wewe pale, na gari letu likiungua, na wale wote ambao hawakuwepo siku hiyo.

Ningeweza kupiga ile namba. Namba ilikuwa mbele ya macho yangu! Badala yake nilifungua mdomo. Nilipiga kelele, "Hii gari ni ya wizi! Otieno mmempeleka wapi?"

Wewe unaujua mji huu. Watu hawakuskia Otieno, waliskia wizi. Vijana waliokuwa wakipita barabarani, hata si wa Kongo, wakasimama. Kamau alitoka dukani na ufunguo mkononi, na jiwe la kwanza likampata juu ya jicho. La pili likampata mdomoni. Akaanguka kwenye kochi ambalo hakuwa amelimaliza kushona. Nilisimama tu na tambara langu. Hata sikusema acheni. Mama mmoja wa sukuma wiki ndiye aliyeruka katikati na kisu cha kukatia mboga, akilia, "Huyo ni fundi wetu! Huyo mnampiga ni fundi wetu!" Vijana wakasita. Halafu mmoja akauliza, "Na huyu mwanamke ametoka wapi?"

Basi huyo Kamau, damu zikimtoka, ndiye aliyenishika mkono, akanivuta ndani ya gari na kufunga milango. Tukakaa humo, mimi na yeye, watu wakigonga mabati. Akatema jino kwenye kiganja chake, akaliangalia, akaniambia, "Piga hiyo namba."

Nilikuwa bado naikumbuka, nikapiga. Sauti ya mwanamume ikajibu kutoka Kisumu, akasema ndiye Otieno, yuko hai, yuko kwa kina mama yake na familia yote. Akasema Kamau ni jirani yake wa miaka kumi na moja. Vijana walipoanza kupita wakisoma majina kwenye milango ya magari, Kamau alilifunika jina kwa rangi usiku huo huo, akawaambia gari ni lake. Ni Otieno mwenyewe aliyemwambia aendelee kusema hivyo mpaka liuzwe, kwa sababu yeye Nairobi harudi tena.

Na mimi, Mzee, unisamehe, bado sikuamini. Mtu anakaa mbele yangu na jino mkononi, na mimi nafikiri, labda hawa wawili wamepanga. Nikamuuliza yule wa simu, "Kama gari ni lako, mlango wa nyuma una tabia gani?" Akacheka kidogo, akasema, "Uuinue kwanza ndio ufunge, na usiupige, utavunja kioo." Vijana walipochoka kutusubiri na kuondoka, nilishuka nikaujaribu. Niliuinua, ukafunga. Nikarudi nikakaa chini pale kwenye vumbi la mbao, nikalia mpaka yule mama wa sukuma akanipa maji.

Gari tumelinunua. Otieno alituma logbook na barua iliyosainiwa mbele ya chifu, kila kitu kiko sawa, Mama Akinyi amekagua karatasi mara tatu. Kazi tumeipata. Jana nimepeleka gasket Naivasha na nimerudi salama. Mlangoni bado hakuna jina, mchoraji ananisumbua niamue. Mama Akinyi anataka lako. Mimi naogopa la kila mtu, hata langu.

Lakini si hilo lililonifanya nikuandikie. Nilipoenda kuchukua ufunguo, mke wa Kamau alinikaribisha ndani. Akanipa chai ya maziwa na mkate. Kamau alikuwa ameketi kwenye kona, jicho limefungwa, mdomo umeshonwa. Mke wake akaniambia, "Pole kwa kumkuta mzee hivi. Aliteleza akishusha kochi. Namwambia kila siku umri umeenda, hasikii." Nilimwangalia Kamau. Kamau aliangalia kikombe chake. Kumbe mama wa sukuma naye amenyamaza, nadhani Kamau alimwomba. Alinificha mimi vile alivyolificha gari.

Na mimi nilisema, "Pole sana, mama." Nikanywa chai yake nikaimaliza, akaniongeza, nikamaliza na hiyo.

Ulinifundisha kuchunguza gari, Mzee, na ulinifundisha vizuri, sikulaumu. Lakini somo la watu tuliliacha, tukifikiri tutawajua tu njiani. Laiti ungekuwa hapa unikaripie kwa Kijaluo halafu unipe mahindi nusu, kama ulivyokuwa ukifanya nikikosea.

Pumzika, Mzee wangu. Nitamtunza Mama Akinyi, na watoto watamaliza shule. Kesho, kabla ya kubeba mzigo wowote, naenda Kongo kumwambia yule mama kwamba mume wake hakuteleza.

Taniboi wako,
Mwende