Matuta ya Pareto

Nakuru, 4 Februari 2025

Kwa mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Natumai u mzima, na mguu umepunguza maumivu. Mimi sijambo, ila pasi imenichoma vidole mara mbili wiki hii.

Nimeona tuendelee na barua, kwa sababu simu kwetu ni kupigiana kelele: wewe husikii, na majirani wangu wanasikia kila kitu. Hii nimeibana kwa pini ndani ya furushi nililompa Muturi wa lori la viazi. Ni kwilti mpya, ile kazi yangu ya kuunganisha vipande vya nguo mpaka vitoe picha. Naiita Pareto. Ni ule mlima wetu, wakati ulikuwa ukichuma maua ya pareto nikiwa mgongoni mwako. Nyeupe yote ni mashati ya mitumba, kumi na manne. Njano ni pazia kuukuu la kanisa. Nimekaa nayo ukutani hapa studio wiki tatu, nahamisha kipande kimoja, narudi nyuma hadi mlangoni kukiangalia, nakihamisha tena. Mwenye nyumba anadhani nimechanganyikiwa.

Sasa imebaki kazi yako. Nimeweka pamba katikati na kitambaa nyuma, nikapiga bandi ili visisonge. Mistari ya matuta nimeichora kwa chaki. Ifuate kwa mkono, kwa ile mishono yako midogo ya vitambaa vya makochi. Mashine haiwezi, na mimi nikijaribu inatoka kama kuku amepita. Maonyesho yanaanza Juni, ukumbi mmoja hapa mjini.

Mtoto wako,
Joan

Molo, 19 Februari 2025

Mami,

Pokea salamu zangu na za ng'ombe wote wawili. Mke wa Muturi alishangaa mzee kama mimi kuandika "Mami" juu ya barua ya mtoto. Nilimwambia umebeba jina la mama yangu, Wangari, na kwetu jina ni mtu. Sisi ni wazima. Baridi ni ile ile. Sikio la kulia limekufa kabisa na la kushoto linasikia likitaka.

Kwilti nimeitandika kitandani nikaizunguka. Maua umeyaweza, karibu ninuse. Lakini Mami, ni nani alikufundisha kulima? Mistari yako yote inateremka mlima. Matuta yakiteremka hivyo, mvua moja ya Aprili inabeba udongo wote hadi kwa jirani, wewe unabaki na mawe. Matuta huzunguka mlima, huukata kwa ubavu. Sijaweka hata mshono mmoja. Siwezi kushona shamba ambalo watu wangelala njaa.

Nakurudishia. Futa uanze upya.

Mamako,
Rahab

Nakuru, 6 Machi 2025

Mama mpendwa,

Habari za siku nyingi? Natumai mvua imekuja na mmepanda. Mimi naendelea vizuri.

Nilisoma barua yako nikacheka, halafu nikaona haya. Nimelelewa kwenye mlima huo nikausahau mpaka nikauchora kama mtu aliyeupita tu barabarani. Nilifuta chaki, na vipande vya ubavu wa kushoto nikavifumua vyote kwa sababu navyo vilikuwa vinateremka. Siku nne za kazi. Nimevishona upya vikizunguka, na unajua nini, picha imetulia. Kitu kilikuwa kinanisumbua macho tangu Januari, nikidhani ni rangi, kumbe ni kilimo.

Hii hapa tena. Fomu ya maonyesho nimeshajaza.

Mtoto wako,
Joan

Molo, 11 Mei 2025

Mami,

Ni matumaini yangu u salama. Huku tuko, isipokuwa kabichi, ambayo ng'ombe aliitembelea.

Nimemaliza. Imenichukua miezi miwili, nikishona mchana dirishani, baada ya kukamua na kabla ya kukamua. Matuta ni mia moja na sita, nimeyahesabu. Pale kona ya juu mshono umepinda kidogo. Hapo ndipo nilipoona ng'ombe ndani ya kabichi, nikainuka haraka na sindano ikapotea njia. Niliiacha hivyo. Hata shamba la kweli lina mahali jembe lilipotoka.

Ningependa kuiona ikiwa imetundikwa. Kitu ukikitazama kitandani ni blanketi tu.

Mamako,
Rahab

Nakuru, 20 Mei 2025

Mama mpendwa,

Salamu. Nimeipata, ni nzuri kuliko nilivyoota. Asante sana. Kuhusu kuja, usijisumbue, Juni ni baridi na mguu wako si mzuri. Nitakutumia picha kwa simu ya Muturi.

Mtoto wako,
Joan

Nakuru, 16 Juni 2025

Mama mpendwa,

Natumai ulifika salama na mguu haukuvimba. Hukuniambia unakuja. Ningekupokea stejini.

Viazi ulivyoleta ni vitamu, asante. Samahani sikukaa nawe, wageni walikuwa wengi na wewe ukaharakisha kurudi kabla ya mvua. Yule mama tuliyesimama naye anaitwa Jepkoech, anafundisha sanaa kule Njoro. Kulikuwa na kelele nyingi ukumbini. Sijui kama ulisikia tulivyokuwa tukizungumza. Labda hukusikia.

Nijibu ukipata nafasi.

Mtoto wako,
Joan

Molo, 24 Juni 2025

Joan,

Nilifika salama. Ng'ombe mkubwa amezaa, ndama ni dhaifu. Nitaandika nikipumua.

Mamako

Nakuru, 3 Julai 2025

Mama,

Sijui nikuulizeje hali, kwa sababu nadhani hali yako ninaijua na mimi ndiye niliyeiharibu.

Barua yako ina mistari miwili. Umeniandikia "Joan". Tangu nianze kusoma hujawahi kuniandikia hivyo. Nimeibeba mfukoni wiki nzima, na kila nikikaa kukata kitambaa naitoa tena. Kwa hivyo ulisikia. Basi acha niseme mwenyewe, yote, usije ukafikiri kuna sehemu ninaificha.

Fomu ya maonyesho ilikuwa na mistari miwili ya majina. Niliandika langu, wa pili nikaupiga mstari. Kwenye kile kikaratasi cha maelezo ukutani nikaandika kwamba kila mshono ni wa mkono wangu. Niliogopa wakijua ni wa mamangu wataiita kazi ya mikono ya kijijini, waipeleke kwenye meza ya vikapu pale mlangoni, na mimi nilitaka ukuta. Mwalimu Jepkoech alisimama mbele ya Pareto muda mrefu. Akasema kinachomshangaza ni vile mishono inavyozunguka mlima, kwamba aliyeifanya anaijua ardhi. Akanialika nikawafundishe wanafunzi wake mishono hiyo. Nikasema asante. Mama, nilisema asante kwa sifa zako.

Ndipo ukaingia, na gambuti zina matope, na gunia la viazi begani, ukaenda moja kwa moja ukaweka kidole kwenye ile kona, ukasema kwa sauti, "Hapa ndipo nilikosea." Mwalimu akaniuliza, "Huyu ni nani?"

Nilimwambia ni mama wa kazi, anasaidia kuosha studio.

Nimeandika. Unaniita Mami kwa kila barua, na mimi siku moja tu niliyotakiwa kukuita mama, nikakosa mdomo. Hata haikuwa kwa sababu ya gambuti. Ingekuwa gambuti ningejisamehe. Ni kwa sababu ulisema ukweli kwa sauti na ungenifichua, na wewe ulikuwa hujui hata kuna kitu cha kufichua.

Njoro sijaenda. Nimejaribu kushona hapa studio kila siku, inatoka kama kuku amepita. Wakati mwingine najiambia hukusikia, nafurahi dakika moja, halafu najiona mchafu zaidi kwa kufurahi.

Nisamehe ukiweza. Usipoweza pia naelewa.

Mtoto wako, kama bado,
Joan

Molo, 17 Julai 2025

Mami,

Nakusalimu. Ndama alipona, anasimama.

Sikuwa nimesikia.

Ulikuwa upande wa sikio lililokufa, na mimi nilikuwa nikitazama kitambaa. Niliandika mistari miwili kwa sababu mikono ilikuwa na damu ya ng'ombe na Muturi alikuwa ameshawasha lori. Niliandika "Joan" kwa sababu ni fupi. Hakukuwa na jambo. Siku ile yote nilikuwa na furaha. Yule mwalimu alinishika kwa mikono yote miwili akainama kidogo, nikajua umemwambia mishono ni yangu. Sasa najua alikuwa akinishukuru kwa kuosha sakafu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Nikaenda kukamua, nikarudi nikaisoma tena, labda nimekosea. Nimeumia, Mami. Sitakudanganya kwamba ni jambo dogo. Mwanzo nilikasirika kwamba umeniambia, maana ningekufa na siku ile ikiwa nzuri. Baadaye nikaona kwamba wewe usingekufa nayo hivyo. Hapo hasira ikapungua, lakini maumivu yamebaki palepale. Kusamehe nitasamehe, mimi ni mzazi. Kusahau sijui, niachie wakati.

Sasa kuna jambo lingine, na hili huwezi kulifuta kama chaki.

Nilipotoka Nakuru nilipitia kwa akina mama wa ushirika wetu. Nikawaambia mtoto wangu amenitambulisha mbele ya watu wakubwa, na mmoja wao amenishukuru kwa mishono yangu. Nilijivuna, Mungu anisamehe, niliisimulia mara mbili kwa wale waliochelewa. Wakasema ni lazima waone. Wamekodi gari. Wako kumi na mmoja pamoja na mke wa mchungaji, na wanashona sare za kuvaa. Ni Jumamosi tarehe ishirini na sita, siku maonyesho yanafungwa.

Nimefikiria kuwaambia nina homa. Nimefikiria kusema maonyesho yameisha. Kila nikifungua mdomo naona nitakuwa kama wewe siku ile, na mimi mishono midogo ndiyo nilitaka uirithi kwangu, si uongo. Kwa hivyo tunakuja. Watasimama mbele ya Pareto, watasoma kile kikaratasi, halafu watakugeukia wakuulize mama yako ameandikwa wapi.

Mimi sitasema neno. Nitatazama kitambaa. Utawajibu wewe.

Mamako,
Rahab