Jina la Blogu Yetu Limechukuliwa

Ilongero,
Singida.
16 Juni 2024

Mpendwa Kaka Antipasi,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Ulishaniambia kwamba barua za wanovisi hupita kwanza kwa Padri mlezi, kwa hiyo naye nampa shikamoo yake hapahapa, na namwomba anivumilie, maana nina mengi.

Habari za huko monasteri? Kifua chako kikoje na baridi ya huko? Mama alipokumbuka kwamba mnaamka alfajiri kusali, akataka nikutumie lile blanketi zito la kahawia. Nikamwambia wana blanketi. Hakuniamini, na sidhani kama ameacha kuwaza.

Sisi huku ni wazima wa mwili. Presha ya mama inapanda na kushuka, dawa anameza. Alizeti tumeshapura. Uwele ndege wamekula sehemu kubwa, lakini tutafika. Cherehani yangu inafanya kazi na wateja wapo, hasa wa sare za shule. Upepo wa Juni umeanza, na vumbi lake unalijua.

Nimekawia kukuandikia kwa sababu nilitaka nikuandikie mambo yakiwa yametengemaa. Hayakutengemaa, na sasa sioni sababu ya kusubiri zaidi. Ni habari ya blogu, na ya mdogo wetu Emilian. Nianze na blogu ili uelewe yote.

Ulipoondoka Januari uliniachia ile kompyuta ndogo inayobeba blogu yenyewe, juu ya kabati la vyombo, modemu yake, na wiki moja ya mafunzo. Mwezi haujaisha, ukurasa ukageuka mweupe. Nilikuwa nimesasisha programu kama ulivyonielekeza, nikafungua, hakuna neno hata moja, mweupe kama shuka. Nikakumbuka ulivyosema nisianze na hofu, nianze na faili la makosa. Nikasoma polepole, nikaona linataja kile kiongezo cha picha. Nikabadilisha jina la folda yake, blogu ikarudi. Siku hiyo nilijisikia kama nimezalisha ng'ombe peke yangu.

Kisha simu za watu zikaanza kuwaonya kwamba ukurasa wetu si salama. Mzee Hosea, yule dalali wa mnadani anayesoma bei za alizeti kwetu, alikuja dukani kuniambia watu wanasema tumeingia kwenye utapeli. Nikahangaika na cheti cha usalama. Naomba kipya, kinakataliwa, naomba tena, kinakataliwa. Mwishowe nikaitazama saa ya kompyuta, kumbe inasema tuko miaka mingi nyuma. Umeme ulikuwa unakatika na kurudi, na kile kibetri cha ndani kilikuwa kimekufa, kwa hiyo kila ikiwaka inasahau tarehe. Nilibadilisha kibetri, nikaweka saa sawa, cheti kikapita. Nakuandikia haya ujue kwamba sikukaa tu.

Kilichonichosha zaidi kilikuwa maoni ya takataka. Kila asubuhi kabla ya kufungua duka nayakuta yamejaa, mengine ya mikopo, mengine ya dawa, mengine kwa lugha ambazo sizijui. Nilitaka nifute yote kwa mpigo. Mama akakataa.

"Usifagie bila kuangalia," aliniambia. "Huwezi kujua kilichomo."

Unajua alikuwa anawaza nini. Tangu Emilian aende machimboni na simu yake iache kupatikana, ulikuwa ukimwambia mama kwamba blogu ndiyo anwani pekee ambayo Emilian hawezi kuisahau, kwa kuwa jina lake alilichagua yeye mwenyewe, tumekaa watatu jikoni tunabishana. Namba zetu za simu hakuwahi kuzijua kwa kichwa. Jina lile alilijua. Mama alilishika neno lako kuliko ulivyodhani.

Basi nikawa nayapitia moja moja. Na kaka, mwezi wa tatu, katikati ya matangazo ya mikopo, chini ya habari ya bei ya alizeti, wala si chini ya ule ukurasa wa kumtafuta wenye picha yake, nikakuta maneno haya. Nayaandika kama yalivyokuwa:

"Eliza ni mimi Emi. Simu iliibwa na namba zote. Mama bado yupo? Yule ng'ombe wa pembe moja bado mnamkamua? Mwambie mama niko hai, ila hivi nilivyo siwezi kuja. Nitapita tena hapa."

Nilikimbia nyumbani nimeshika simu, duka nimeliacha wazi. Mama alikuwa anapepeta. Nikamsomea. Akaweka ungo chini, akasema nisome tena. Nikasoma. Akauliza ni mahali gani. Nilitafuta namba ya mtandao iliyokuja na ujumbe, lakini ilionyesha mtandao wa simu tu, na hao wana wateja nchi nzima. Barua pepe hakuacha.

"Mjibu," mama akasema.

"Nimwambie nini?"

"Mwambie ng'ombe alikufa lakini ndama wake yupo. Mwambie aje hivyohivyo alivyo."

Nikaandika hivyo hivyo, nikaweka na namba yangu. Jioni ile mama alichinja jogoo, akamwita mama Pendo jirani, na Baba Mdogo Melkiori akaja kutoka Ihanja kesho yake kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope. Tulicheka sana. Nilitaka kukuandikia siku hiyohiyo. Mama akasema ngoja kwanza apige, umwandikie kaka yako habari iliyokamilika.

Hakupiga. Kila siku nilikuwa naangalia. Sijui kama alirudi akasoma jibu letu au hakurudi.

Aprili mvua zilikuja na radi mbaya. Radi moja ilipiga karibu na nguzo ya umeme iliyo upande wa kisima, taa zikawaka sana kisha zikazima. Kompyuta ilipowashwa tena ikawa inatoa mlio, tik, tik, kama kuku anayedonoa bati. Nikaichomoa, nikaifunga kwenye kanga, nikapanda bodaboda mpaka mjini kwa Miraji, yule fundi wa kompyuta uliyesoma naye. Aliijaribu kwa kila namna, namshukuru hakunidanganya.

"Diski imekufa, dada. Haisomeki."

"Zipo nakala," nikamwambia. "Kila Jumapili kompyuta inaniandikia kwamba nakala imehifadhiwa."

Nikampa ile flashi ya nakala uliyoniachia. Akaifungua, akaangalia, akanigeuzia kioo nione mwenyewe. Majina ya faili yalikuwepo, yamepangwa vizuri kwa tarehe, lakini ndani hayakuwa na kitu. Flashi ilikuwa imejaa zamani. Programu ilikuwa inaandika jina la nakala, inashindwa kuandika nakala yenyewe, na bado inasema imefanikiwa. Miraji alisema ameona watu wengi wakiponzwa na jambo hilo, makampuni makubwa pia. Alisema ili kunifariji. Ujumbe wa Emilian ulikuwa mle. Jibu letu pia.

Sikukata tamaa siku hiyo. Nilidunduliza mwezi mzima, nikanunua diski nyingine, nikaweka programu upya mwanzo mpaka mwisho, nikifuata ulivyonifundisha, na pale nilipokwama Miraji alinielekeza kwa simu. Nilikuwa najisemea kwamba hata kama yaliyomo yamepotea, jina bado lipo. Emilian akifungua atakuta ukurasa mpya, juu kabisa nitaweka picha ya mama na namba yangu, basi imetosha.

Kompyuta ilipokuwa tayari nikaandika jina letu kwenye simu. Ukafunguka ukurasa wa kamari. Wachezaji wa mpira, sarafu za dhahabu zinaanguka, maandishi yanawakawaka. Nikadhani nimekosea herufi. Nikarudia. Nikajaribu kwa simu ya mama Pendo. Ni hapohapo.

Nikawapigia wale waliotusajilia jina. Dada aliyepokea alikuwa mpole. Akaniambia muda wa jina ulikwisha na halikulipiwa, walituma taarifa mara nyingi, na lilipoachwa huru mtu mwingine akalinunua.

"Mlituma wapi?" nikamuuliza.

Akanisomea anwani. Ni ile barua pepe yako, kaka, ile yenye jina la blogu, ambayo nayo ilikuwa inakaa kwenye kompyuta ileile juu ya kabati. Kompyuta ilikuwa imekufa wakati taarifa zinakuja. Zilikuwa zinagonga nyumba isiyo na mtu. Nikamuuliza yule dada kama huyo aliyenunua anaweza kuombwa aturudishie. Akasema ameficha jina lake, na ni haki yake. Akanipa pole, na niliisikia kwamba ni pole ya kweli.

Nilikaa na jambo hilo siku kadhaa sijui namna ya kulisema. Mama ndiye aliyeanza. Tulikuwa tunachambua mlenda, akaniuliza, "Kompyuta imepona?"

Nikasema imepona.

"Emilian akifungua leo ataona nini?"

Sikuweza kumdanganya. Nikamfungulia kwenye simu. Akautazama ule ukurasa muda mrefu, akausogeza mbali na macho, akausogeza karibu.

"Atadhani tumehama," akasema. "Au atadhani ndio sisi hawa."

Tangu hapo tumefanya tunayoweza. Nimefungua blogu nyingine kwa jina linalofanana na la zamani, herufi mbili tu tofauti, lakini Emilian halijui, na watu wanaoingia ni wachache kuliko vidole vyangu. Tangazo tumelipeleka redioni. Baba Mdogo Melkiori alienda mwenyewe machimboni na picha, akazunguka kambi moja hadi nyingine. Anasema watu kule hawaulizani majina ya kweli, na picha tuliyo nayo ni ya kijana mnene mwenye nywele, na vijana aliowaona wote wamekonda na wamenyoa. Amerudi, hataki sana kuzungumza.

Mzee Hosea sasa anapata bei za alizeti kwenye kundi la WhatsApp. Ameniambia nisijali, wamezoea.

Kaka, nina swali moja, na ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu. Kuna mahali popote ulipowahi kuhifadhi nakala ya blogu, au barua pepe nyingine ambayo Emilian aliwahi kuijua? Fikiri vizuri. Nimetafuta kwenye simu yako ya zamani na kwenye sanduku lako la nguo, sikuona kitu. Kama hakuna, niambie tu hakuna. Nitalala vizuri zaidi nikijua kuliko kuendelea kutafuta. Na Padri mlezi, kama unasoma, nakuomba umruhusu ajibu hilo mapema, hata kwa mstari mmoja.

Mama anasema nikuandikie wazi kwamba usiombe ruhusa ya kuja. Huna cha kurekebisha huku. Anasema alikutoa kwa Mungu kwa moyo mweupe na hataki kukudai. Nami nasema hivyohivyo, ingawa zipo siku natamani ungekuwa umekaa hapa kwenye kigoda unanung'unika na hiyo mitambo yako.

Nikuambie jambo la wiki iliyopita, kisha nikuage. Mama aliniomba nimfungulie tena ule ukurasa wa kamari. Nikadhani anataka kujiumiza. Akauliza kama hakuna mahali pa kuwaandikia wenye mji. Nikatafuta, chini kabisa nikakuta kisanduku cha wateja. Akaniambia niandike, naye akawa anataja taratibu kama anayemtuma mtoto kwa jirani:

"Shikamooni. Sisi ni wa Ilongero, tulikuwa tunakaa hapa kabla yenu. Hatuna ugomvi na ninyi. Akija kijana anaitwa Emilian anaulizia watu wa kwao, tafadhali mwambieni mama yake yupo, na mpeni namba hii."

Nikatuma. Jibu lilikuja papo hapo, sijaweka hata simu chini. Lilikuwa la mashine: "Hongera! Ujumbe wako umepokelewa. Jisajili leo upate zawadi ya kukaribishwa."

"Wamejibu?" mama akauliza.

"Wamejibu."

"Wamesemaje?"

Nikamsomea kama lilivyo. Akatikisa kichwa polepole, akaokota bakuli lake la mlenda.

"Basi wamepokea," akasema, akaingia jikoni.

Nikazima simu, nikamfuata.

Baba Mdogo Melkiori anakusalimu sana, pamoja na mkewe Lea na watoto. Mama Pendo anakusalimu na anasema umwombee mguu wake. Miraji anasema ukitoka huko utamkuta palepale. Mama hakutuma salamu, amesema salamu zake unazipata kila siku kwenye rozari, ila amenishikisha hizi pipi za tangawizi kwa ajili ya kifua chako. Kama Padri mlezi atazichukua yeye, si neno.

Anwani ya blogu mpya na namba yangu nimeziandika nyuma ya bahasha kwa herufi kubwa. Usishangae. Ni mama ameagiza, anasema barua hupita mikononi mwa watu wengi njiani.

Mungu akulinde katika wito wako, akupe usingizi na afya, na huyo mwingine amwangalie popote alipolala.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye sana,
Eliza