Petali Kumi na Sita

Jumanne, 5 Oktoba 1937

Bwana Shen kaja leo mwenyewe, kwa miguu yake. Tajiri wa mchele, mwenyekiti wa wafanyabiashara wa mji mzima, mtu ambaye hata salamu huituma kwa mtumishi. Kakaa kwenye kiti chetu kibovu, kasifia chai yetu mbaya. Nikajua kuna neno.

Anataka kikombe. Si cha hivi hivi — anataka gogo. Gogo la fedha linaloelea, lina mafundo na mizizi, ndani tupu, na mzee kaketi juu yake anasoma kitabu. Mvinyo unamiminwa kwenye tundu mgongoni mwa gogo, unanywewa kwenye ncha. Ni yule mzee wa hadithi, aliyepanda gogo akafuata mto mpaka akatokea kwenye nyota.

Macho yalimtoka Baba kama mtoto aliyeonyeshwa peremende. Maisha yake yote ametengeneza vibanio vya nywele na vijiti vya kulia vya maharusi. Mchoro wa gogo aliuchora ujanani, na uko ukutani mpaka leo, umeshageuka rangi ya chai. Na tangu serikali ikusanye vyombo vya fedha vya watu mwaka juzi, sonara gani ana kazi? Tunaziba mabirika ya shaba.

Nikauliza kikombe ni cha nani.

"Zawadi, dada," akasema Bwana Shen. "Ya rafiki ambaye bado hajafika."

Jumamosi, 9 Oktoba

Fedha imeletwa, imefukiwa ndani ya gunia la mchele. Bangili, vibanio, na makufuli ya watoto — yale wanayovishwa shingoni ili uhai usiwatoroke. Makufuli mengi. Sikupenda kuyaona yamerundikana vile.

Moja nalijua. Lina nakshi ya popo mwenye bawa fupi, kwa sababu siku ile tindo ilimteleza Baba, nami nilikuwepo. Ni la mtoto wa akina Lu, majirani zetu. Waliondoka Agosti kukimbilia magharibi, Wajapani walipoanza kuipiga mabomu Shanghai, na sanduku lao waliliacha ghalani kwa Bwana Shen alitunze.

Nikamwonyesha Baba. Akalipapasa, akalijua. Akalitia kwenye chungu pamoja na mengine.

"Fedha ikiyeyuka haina mwenyewe, Wan," akasema. Akavuta mivukuto.

Nikamshikia koleo. Sijivunii.

Jumatatu, 18 Oktoba

Kazi inakwenda! Baba anamimina na kuunga, mimi natia nakshi, maana macho yake siku hizi hayaoni tofauti ya uzi na nywele. Kichwa cha mzee, mikono na viatu tumevimimina mbali mbali, kisha Baba akaviunga. Nimetafuta mshono kwa kucha. Hamna.

Magome ya gogo nimeyafanya mimi, mafundo na nyufa zote. Bwana Shen kapita kutazama. "Fundi Qiu," akasema, "mikono bado ya kijana, macho tu ndiyo yamekwenda likizo." Baba akacheka, akapokea sifa zote. Ndiyo kawaida. Tangu nirudi hapa na ujane wangu, natia nakshi, na mteja anamshukuru yeye.

Lakini niseme kweli — nina furaha. Treni za majeruhi zinapita kila siku, mji unanong'ona, na mimi nina furaha. Jioni tumekula kaa wa majira na divai ya moto. Baba kanimegea tumbo lenye mayai.

Jumatano, 27 Oktoba

Bwana Shen tena. Sasa anataka ua kwenye ncha, pale midomo inapogusa. Krisanthemu.

"Petali kumi na sita," akasema. "Zisipungue, zisizidi."

Nikacheka. Krisanthemu ina petali kama kichwa cha mwendawazimu, nani huzihesabu? Yeye hakucheka. Alimaliza chai yake, akaondoka.

Nikachora ua kwa bikari, petali kumi na sita, zimejipanga kama miale ya gurudumu. Bikari ikasimama kabla akili haijafika. Ua hili nimeliona. Nilipokuwa nimeolewa Suzhou nilikuwa nalipita kila nikienda sokoni, limebandikwa juu ya lango la ubalozi mdogo wa Wajapani. Ni muhuri wa mfalme wao.

Rafiki ambaye bado hajafika!

Nikamwambia Baba wazi wazi: kikombe hiki ni cha kumpokelea jenerali wa Kijapani. Baba alikuwa anasugua kiatu cha mzee kwa majivu. Hakuinua kichwa.

"Ua ni ua," akasema. "Na huu ni msimu wake. Tia."

Nimetia. Ndilo bora kuliko maua yote niliyowahi kufanya.

Jumapili, 31 Oktoba

Askari wetu wamempiga risasi muuza sindano pale darajani. Eti alikuwa akizionyesha ndege za Wajapani njia kwa kioo. Alikuwa na kioo, ndiyo — anauza vioo na sindano. Walimfunga ubao shingoni, umeandikwa jina lake na neno *msaliti*. Mkewe hakuruhusiwa kuuchukua mwili. Watu wazima walipanga foleni kumtemea mate, na wengine nawajua, wameshanunua sindano kwake.

Jumamosi, 6 Novemba

Wajapani wameshuka pwani jana, kusini, nyuma ya mgongo wa jeshi letu. Hakuna aliyekuwa anawangoja upande huo. Mtaa mzima unafunga mizigo, bata wamefungwa miguu, bibi wa jirani kabebwa mgongoni kama gunia.

Katikati ya haya akaja Bwana Shen, kanzu imepigwa pasi. Kikombe kimekwisha, kilikuwa mezani. Hata yeye alikizunguka mara mbili kabla ya kukaa.

Nikamuuliza maandishi ya chini yaweje. Zawadi huandikwa: ya fulani kwa fulani.

"Jina langu halina haja," akasema. "Wekeni la fundi tu. Wakikipenda watataka kumjua aliyekitengeneza. Hiyo ni kinga yenu, dada yangu. Nawafikiria ninyi."

Anatufikiria! Nilipobaki peke yangu ndipo nikaona alivyotupanga. Jenerali akifika, Bwana Shen atamkabidhi kwa mkono wake mwenyewe, na hilo halihitaji maandishi. Jeshi letu likirudi, yeye hajui lolote: fedha ililetwa na gunia la mchele, na chini ya kikombe kuna jina moja. Na wenye jina hilo tutavishwa ubao pale darajani.

Nimemweleza Baba yote. Kasema nimechoka, nikalale.

Jumatano, 10 Novemba

Ndege zimepiga stesheni. Vumbi limeingia mpaka kwenye mtungi wa mchele.

Mama mdogo, mdogo wake Mama, ana nafasi kwenye mtumbwi wa mkwewe. Anatupitia kesho kutwa, ngazi za nyuma zinazoshuka mtoni, na hangoji mtu. Nimefunga nguo. Baba hajafunga kitu. Nikamwambia tukitumbukize mtoni hicho kikombe, twende zetu. Akanitazama kana kwamba nimesema tumtumbukize mtoto.

Ijumaa, 12 Novemba

Naandika karakanani, haraka.

Bwana Shen yuko chumba cha mbele na watu wake wawili wenye bastola. Kaja kuchukua. Anakunywa chai. Hatoki mpaka jina lichongwe. Mama mdogo yuko ngazi za nyuma, namsikia akigombana na mkwewe atungojee kidogo. Mizinga sasa inasikika mchana.

Nimekigeuza kikombe na kukilaza tumbo juu kwenye bakuli la lami moto, ili kisicheze chini ya tindo. Lami inapoa. Ndiyo muda pekee nilio nao.

Nimempigia Baba magoti. Nikasema, wee Baba, ni zawadi ya Wajapani, watalitemea mate jina lako, watakufunga ubao.

"Najua," akasema. "Nilijua tangu makufuli. Unadhani mimi mjinga? Kwa fedha yote ile, na wakati huu, ni nani mwingine wa kupewa?"

Nikainuka kutoka magotini.

"Nina miaka sabini na moja, Wan. Ningekufa na mchoro ukutani? Wateme mate. Kwanza watakigeuza wasome nani alikitengeneza."

Nilitaka kumpiga. Baba yangu mzazi, nilitaka kumpiga kofi. Nikamsukumia tindo: haya, chonga mwenyewe! Akaishika. Mkono ukamcheza, ncha ikagonga meza. Akanirudishia, taratibu, mpini ukiwa mbele.

Kisha akasema, "Andika yote mawili. Langu na lako. Magome ni yako, ua ni lako. Nusu ya kazi hii ni yako, nami sijawahi kukwambia."

Hajawahi. Hata siku moja. Chini ya fedha yote iliyotoka nyumba hii hakuna jina la mwanamke, na mimi nimejifanya sijali mpaka nikaamini.

Namwona yule muuza sindano, ubao shingoni. Namwona vizuri kabisa. Na bado moyo wangu umeruka kwa furaha, mbingu zinisamehe.

Mama mdogo anaita kwa sauti sasa. Bwana Shen anagonga meza kwa kifuniko cha kikombe cha chai.

Nimebonyeza lami kwa kidole gumba. Imeganda. Nimeshapima na nafasi: majina mawili yanaenea.